Tafakuri ya leo: Tabibu aliyejisahau



Leo kabla ya adhana ya magharibi nikupe kisa cha mtu ambaye jina lake umeshalisikia: Ibn Sina. Alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, Uzbekistani ya leo. Alipofika miaka 10 alikuwa keshahifadhi Qur'ani. Hajafika hata 18 akashiriki kumtibu mtawala wa Bukhara, kisha akaomba ruhusa ya kuingia maktaba ya kasri. Kijana mwingine angeomba farasi.

Ukubwani akaandika Al-Qanun fi at-Tibb, vitabu 5, na Ulaya waliusomesha kwa karne kadhaa. Wengi wetu tunadhani ni orodha ya dawa tu. Kumbe mna sehemu nzima ya namna mtu mzima anavyojilinda asije akaumwa: hewa anayovuta, chakula na kinywaji, kulala na kuamka, kazi na mapumziko, choo, hata hasira na huzuni. Anataka ule ukiwa na njaa, na unyanyuke ungali na hamu kidogo. Usipandishe chakula juu ya chakula ambacho bado hakijasagika. Na kabla ya kulala, ungoje kwanza kishuke.

Haya, sasa jipime na jana. Kaimati, sambusa, mihogo ya nazi, tambi, halafu umetoka tarawehe ukaukuta wali. Saa sita usiku tumbo kama ngoma. Daku ukaamshwa, ukanywa maji ukageukia ukutani. Usinune, naandika nikiwa mmoja wenu.

Lakini yeye mwenyewe je? Alipokuwa kijana alipitisha mwaka mmoja na nusu akisoma, bila kulala hata usiku mmoja mzima. Baadaye huko Hamadan alikuwa waziri, mchana ni wa mtawala, usiku ni wa wanafunzi na vitabu. Mwanafunzi wake al-Juzjani, aliyekaa naye zaidi ya miaka 20, hakumficha: mwalimu wake alikuwa na nguvu nyingi na alizitumia bila kipimo, mpaka mwili ukalalamika.

Ukamshika msokoto wa tumbo, akiwa safarini na jeshi la mtawala wa Isfahan. Akaogopa kwamba jeshi likishindwa na kukimbia, ataachwa nyuma mgonjwa. Basi akataka apone siku hiyo hiyo. Akajitia dawa kwa njia ya haja kubwa mara 8 kwa siku moja, matumbo yakapata vidonda. Yaani yeye, mwenye Qanun! Akipata nafuu anarudia mambo yale yale, ugonjwa nao unarudi.

Mara ya mwisho, njiani kwenda Hamadan, alijua mwili hauna tena nguvu ya kupambana. Akaacha kujitibu. Wasimulizi wanasema alitubu, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimisha Qur'ani kila siku tatu. Akafariki Hamadan katika mwezi kama huu, Ramadhani ya mwaka 428 Hijria, yaani 1037. Hakufika miaka 60. Kaburi lake liko huko mpaka leo.

Futari njema. Tuonane tarawehe, inshallah.