Ken Aston: Mwalimu aliyewapa marefa kadi nyekundu na ya manjano

KILA wikendi, vijana wa Matisi, viungani mwa mji wa Kitale, hujazana katika kumbi za video kutazama ligi za Ulaya. Goli hufungwa, ukumbi ukalipuka kwa vifijo, kisha kimya kikatanda ghafla kwa kuwa refa ameweka kidole sikioni. Mtambo wa VAR unakagua. Dakika ya kwanza hupita, ya pili nayo ikafuata, na hakuna ajuaye hasa kinachochunguzwa. Goli likifutwa, ubishi huanzia hapo ukumbini na kuendelea hadi Jumatatu kwenye steji ya bodaboda.

Katika ubishi huo, jina la Kenneth George Aston halitajwi kamwe. Hata hivyo, ni vigumu kutazama mechi yoyote ya kandanda, iwe Ulaya au katika uwanja wa vumbi nyuma ya shule, bila kuona kazi ya mikono yake. Mwingereza huyu, aliyefariki mnamo Oktoba 23, 2001 akiwa na umri wa miaka 86, ndiye aliyebuni kadi nyekundu na ya manjano. Alizibuni baada ya kuonja mwenyewe uchungu wa kulaumiwa kwa jambo ambalo macho yake hayakuliona.

Aston alizaliwa Septemba 1, 1915 katika mji wa Colchester, mashariki mwa Uingereza. Alisomea ualimu, na mwaka wa 1936 akafuzu kuwa refa. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, alitaka kujiunga na jeshi la wanahewa lakini akakataliwa kwa sababu ya jeraha la kifundo cha mguu. Aliingia kikosi cha mizinga, kisha akahamishiwa jeshi la India, ambako alipanda ngazi hadi cheo cha luteni kanali. Vita vilipomalizika, alihudumu katika mahakama ya Changi, nchini Singapore, iliyosikiliza kesi za uhalifu wa kivita.

Aliporejea nyumbani mnamo 1946, alirudia ualimu na kipenga. Tangu hapo alionyesha tabia iliyomtofautisha na marefa wenzake. Kila alipokumbana na tatizo uwanjani, hakuridhika na kulalamika. Alitafuta kifaa cha kulitatua. Alianza kuvaa sare nyeusi yenye pambizo nyeupe, vazi ambalo baadaye lilikuwa kama ngozi ya pili ya marefa kote ulimwenguni. Wakati huo washika vibendera walitumia vitambaa vyenye rangi za klabu mwenyeji, ambavyo havikuonekana vyema ukungu ulipotanda. Aston aliwapa vibendera vya manjano na vyekundu vinavyong'aa. Leo tunaviona kana kwamba vilizaliwa pamoja na mchezo wenyewe.

Mnamo 1953 aliteuliwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Newbury Park, mashariki mwa London. Siku za wiki alisimamia watoto. Jumamosi alisimamia wanaume ishirini na wawili. Sifa zake zilivuka mipaka. Mwaka wa 1960 alichezesha mkondo wa pili wa fainali ya kwanza ya Kombe la Mabara, ambapo Real Madrid, mabingwa wa klabu za Ulaya, waliwanyuka Peñarol wa Uruguay 5-1 mjini Madrid. Miaka miwili baadaye alikwea ndege kuelekea Chile kwa fainali za Kombe la Dunia.

Huko ndiko alikopatwa na masaibu.

Juni 2, 1962, wenyeji Chile walikuwa wakipambana na Italia mjini Santiago. Kabla ya siku hiyo, waandishi wawili wa Italia walikuwa wameuchora mji huo kama mahali pa umaskini na uozo, na raia wa Chile walikuwa wamepandwa na hasira. Rafu ya kwanza ilichezwa kabla hata ya dakika moja kutimia. Katika dakika ya nane Aston alimtimua Giorgio Ferrini wa Italia, lakini mchezaji huyo aligoma kuondoka hadi polisi walipoingia kumtoa. Kisha Leonel Sánchez wa Chile, ambaye babake alikuwa bondia, alimtandika ngumi Mario David. Hakuadhibiwa. Muda mfupi baadaye David alimrushia Sánchez teke la juu, naye akafukuzwa. Sánchez huyo huyo alimvunja pua Humberto Maschio kwa ngumi nyingine, na bado akamaliza mechi. Chile ilishinda 2-0 dhidi ya Waitaliano tisa.

Kwa nini aliyepiga ngumi alibaki uwanjani? Ngumi iliyomvunja pua Maschio ilitupwa nyuma ya mgongo wa refa, na washika vibendera hawakumsaidia. Lakini kamera ilikuwa imeona. Zama hizo hakukuwa na matangazo ya moja kwa moja kupitia setilaiti kutoka Amerika Kusini, hivyo filamu ilisafirishwa kwa ndege hadi London na kuonyeshwa siku chache baadaye. Watazamaji walioketi sebuleni, maelfu ya kilomita kutoka Santiago, waliona wazi kile ambacho mtu aliyesimama katikati ya uwanja hakukiona. Mechi hiyo ilipewa jina la Vita vya Santiago, na Aston hakupuliza tena kipenga katika Kombe la Dunia.

Haitakuwa haki kumtakasa kabisa. Waitalia wawili walitolewa na Mchile hata mmoja hakuguswa. Dosari hiyo imebaki katika kumbukumbu zake. Hata hivyo, Vita vya Santiago viliweka wazi tatizo ambalo lingeisumbua soka kwa miaka 56 iliyofuata, hadi VAR ilipotumika katika Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi: mtazamaji anaona zaidi ya mwamuzi.

Nyota yake ya urefa haikuzimika. Mwaka wa 1963 alichezesha fainali ya Kombe la FA, Manchester United walipowalaza Leicester City 3-1. Kisha akaingia katika kamati ya marefa ya Fifa, na ni yeye aliyewasimamia waamuzi katika Kombe la Dunia la 1966 nchini Uingereza. Hapo alianzisha desturi ya kuwa na refa wa akiba, iliyozaa afisa wa nne tunayemjua leo.

Julai 23 mwaka huo, Uingereza ilikutana na Argentina katika robo fainali uwanjani Wembley. Refa Mjerumani, Rudolf Kreitlein, aliamuru nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, atoke. Rattín hakujua Kijerumani, Kreitlein hakujua Kihispania, na mchezaji akakataa kuondoka. Mechi ilisimama kwa dakika kadhaa, na Aston mwenyewe akalazimika kuingia kutuliza mambo. Isitoshe, magazeti yalipochapishwa ndipo ilipobainika kwamba ndugu wawili wa Uingereza, Bobby na Jack Charlton, walikuwa wameonywa na refa. Kocha Alf Ramsey aliwasiliana na Fifa kutaka ufafanuzi.

Akiendesha gari kutoka Wembley, Aston aliwaza jambo hilo hadi alipofika kwenye taa za trafiki katika barabara ya Kensington High Street. Taa ikageuka kuwa ya manjano, kisha nyekundu. Hapo wazo likamjia. Manjano ni onyo, nyekundu ni kusimama. Dereva hahitaji mkalimani kulielewa hilo. Kadi zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico. Hakuna aliyeonyeshwa nyekundu katika fainali hizo. Wa kwanza alikuwa Carlos Caszely, mnamo 1974, na kwa kinaya cha historia, alikuwa mchezaji wa Chile.

Nabii hakosi heshima ila kwao. Ligi ya Uingereza ilizikubali kadi mnamo 1976, ikazitupilia mbali 1981, na kuzirudisha 1987. Wakati huo Aston alikuwa ameshabuni pia ubao wa nambari za kuonyesha mchezaji anayeingia na anayetoka. Katika miaka ya baadaye alitumia muda mwingi Marekani akiwafunza marefa, na mnamo 1997 taifa lake lilimtunuku nishani ya MBE.

Ukivitazama kwa pamoja vifaa hivi vyote, yaani kibendera kinachong'aa, kadi na ubao wa nambari, utagundua kwamba hakuna hata kimoja kinachomfanya refa awe sahihi zaidi. Kadi haimwongezei refa macho. Kazi yake ni kumjulisha kila mtu, mchezaji, kocha na shabiki wa safu ya mwisho, kwamba uamuzi umetolewa, ni upi, na unamhusu nani.

VAR ilikuja kwa njia iliyo kinyume. Ilipoanza kutumika katika Klabu Bingwa Ulaya mnamo Februari 2019 na katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2019/20, ilimwongezea refa macho ya kukagua magoli, penalti, kadi nyekundu za moja kwa moja na makosa ya kumwadhibu mtu asiyehusika. Ngumi za Sánchez zisingeiponyoka. Lakini uamuzi ulihamia katika chumba kilicho mbali, na mashabiki wakaachwa gizani kama akina Charlton mwaka wa 1966. Ilichukua muda wakuu wa soka kulitambua pengo hilo. Katika Kombe la Dunia la wanawake la 2023, marefa walieleza uamuzi wao kwa kipaza sauti, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata mkondo huo msimu wa 2025/26.

Mtambo huo ulifika hata kwetu Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa kipute cha CHAN. Lakini katika mechi za mitaani Matisi, refa hana skrini wala kifaa cha sikioni. Ana macho mawili, ambayo yatakosea kama yalivyokosea ya Aston kule Santiago. Mfukoni ana kadi mbili. Anapoinua moja, hata mtoto aliyekaa juu ya mti nje ya uwanja hujua kilichoamuliwa, akakubali au akazomea. Mwalimu mkuu wa Newbury Park hakuahidi zaidi ya hapo.