Charles Blackley na Unga wa Maua ya Nyasi

Je, umewahi kusimama katika shamba la mahindi wakati mbelewele zimechanua? Huko Igamba, wilayani Mbozi katika mkoa wa Songwe, mashamba ya mahindi hufika karibu kabisa na milango ya nyumba. Upepo ukivuma, unga mwembamba wa rangi ya manjano huanguka kutoka kwenye mbelewele. Unga huo huitwa chavua. Bila chavua gunzi halipati punje, nasi hatupati chakula.

Kwa watu wengi chavua haina madhara yoyote. Lakini wako watoto ambao wakiivuta hupiga chafya mfululizo. Macho yao huwasha na kuwa mekundu, na kamasi nyepesi kama maji huwatoka puani. Wengine hubanwa na kifua. Hali hiyo huitwa mzio. Katika sura hii utasoma maisha ya daktari aliyeugua mzio yeye mwenyewe, akatumia zaidi ya miaka kumi kutafuta chanzo chake.

Ujana wake

Charles Harrison Blackley alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Hakuanza maisha yake kama daktari. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya uchapaji katika mji wa Manchester. Kazi ilipokwisha alijisomea. Alijifunza habari za mimea na za kemia, tena alijifunza kutumia hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho matupu.

Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka thelathini alipoacha uchapaji na kwenda kusomea udaktari. Alipohitimu alifungua chumba cha kutibia wagonjwa huko Manchester. Elimu aliyojipatia jioni, ya mimea na ya hadubini, ndiyo iliyomsaidia baadaye kuliko zote.

Ugonjwa usioeleweka

Kila mwaka, majira ya joto yalipofika, Blackley aliugua. Alipiga chafya, macho yalimwasha na pumzi ilikuwa nzito. Baada ya wiki kadhaa alipona, na mwaka uliofuata ugonjwa ulirudi. Daktari wa London aliyeitwa John Bostock alikwisha kuandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1819, kwa kuwa naye alikuwa nao. Bostock aliona kuwa joto la jua ndilo lililouleta. Watu wengine walilaumu harufu ya majani makavu yanayokatwa kwa ajili ya mifugo. Wengine walilaumu mwanga mkali au vumbi.

Fikiri kidogo. Majira ya joto huja na vitu vingi kwa wakati mmoja: jua kali, vumbi, harufu na maua. Utajuaje ni kipi kati ya hivyo kinachomdhuru mgonjwa? Ukikisia tu, unaweza kulaumu kisichohusika na kukiacha chenye hatia.

Jinsi alivyotafuta chanzo

Mwaka 1859 Blackley alinusa maua ya nyasi, na papo hapo akaanza kupiga chafya. Hapo alipata dhana: huenda chanzo ni chavua ya nyasi. Lakini dhana siyo ushahidi. Hivyo akaamua kukipima kila kitu peke yake, kimoja baada ya kingine.

Alijiweka kwenye joto, kisha kwenye mwanga mkali. Alinusa vitu mbalimbali vyenye harufu. Ugonjwa wake haukutokea. Alipofika kwenye vumbi, aliona jambo la ajabu. Vumbi la kawaida halikumletea dalili zake zote, lakini siku moja vumbi la barabara ya shamba lilimfanya apige chafya sana. Alilichukua akalitazama kwa hadubini. Ndani yake mlikuwa na chembe za chavua ya nyasi.

Alijaribu pia kuvuta vumbi la kuvu waotao kwenye majani makavu yenye unyevu. Sauti ilimkauka na kifua kikamsumbua, wala hakutaka kulirudia jaribio hilo.

Kisha alikusanya chavua za mimea mingi, akajaribu kila moja puani mwake. Ilipokuwa chavua ya nyasi, dalili zilitokea hata katika miezi ambayo kwa kawaida alikuwa mzima. Hili lilikuwa jambo kubwa. Jua la majira ya joto halikuwapo, lakini chavua ilipokuwapo, ugonjwa ulikuja.

Blackley alifanya jaribio lingine kwenye ngozi yake. Alikwaruza kidogo mkono mmoja, akaupaka chavua iliyoloweshwa. Mkono wa pili aliukwaruza vivyo hivyo bila kuupaka chavua. Mkono wenye chavua uliwasha na kuvimba. Ule mwingine haukuvimba. Mkono wa pili ulikuwa kilinganishi. Bila mkono huo mtu angeweza kusema kuwa uvimbe uliletwa na mkwaruzo tu.

Angalia: majaribio haya usiyafanye wewe. Mtu mwenye mzio anaweza kuzidiwa ghafla. Siku hizi kipimo cha ngozi hufanywa hospitalini na wataalamu, penye dawa tayari.

Tiara zilizobeba vioo

Sasa Blackley alitaka kujua ni chavua kiasi gani iliyomo hewani. Alichukua vipande vidogo vya kioo, akavipaka ute wenye gliserini ili vinase. Aliviweka nje, na baadaye akahesabu kwa hadubini chembe zilizonaswa. Chembe ziliongezeka katika mwezi wa Juni, na ugonjwa wake ukaongezeka pamoja nazo. Mvua iliponyesha chembe zilipungua, naye akapata nafuu.

Kisha alirusha tiara, kama zile ambazo watoto huchezea, akazifunga vioo vyenye ute. Tiara hizo zilipanda juu zaidi ya mita 300. Ziliposhushwa, vioo vilikuwa vimenasa chavua nyingi. Hivyo ilionekana wazi kuwa upepo huipeleka chavua mbali sana, hata kwa mtu asiyekaa karibu na shamba.

Mwaka 1873 alitoa kitabu chenye majaribio hayo yote. Charles Darwin, mwanasayansi maarufu wa viumbe, alikisoma kitabu hicho na akamwandikia barua. Blackley hakupata dawa ya kuuponya ugonjwa wake. Alikufa mwaka 1900. Lakini alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa chanzo cha mzio hutafutwa kwa kupima.

Yaliyojulikana baadaye

Mwaka 1906 daktari wa Austria, Clemens von Pirquet, aliipa hali hii jina la kitaalamu ambalo limeenea duniani. Katika Kiswahili tunaiita mzio. Mwaka 1911 madaktari wa London walianza kutibu wagonjwa kwa kuwadunga chavua kwa vipimo vidogo vidogo. Mwaka 1964 wanasayansi wa Uholanzi walionyesha kuwa vumbi la nyumbani hudhuru watu wengi kwa sababu ya utitiri wa vumbi. Huyu ni mdudu mdogo kuliko punje ya chumvi. Hukaa katika magodoro na mito, na chakula chake ni magamba ya ngozi yetu.

Leo tunajua kwamba mwili una kinga ya kupigana na vijidudu vya magonjwa. Kwa mtu mwenye mzio, kinga hiyo hukosea. Ni kama mlinzi wa shule anayepiga filimbi ya hatari kila aonapo mgeni mwema. Chavua si adui, lakini mwili huipiga vita, na vita hivyo ndivyo vinavyoleta chafya, muwasho na uvimbe.

Kwa hiyo mzio hauambukizi. Unaweza kukaa dawati moja na mwenzako mwenye mzio bila hofu. Tena mzio haukuletwa na uchawi, wala mtoto anayeugua hajidekezi.

Mzio katika nyumba zetu

Mahindi ni jamii moja na nyasi alizochunguza Blackley. Chavua yake ni nzito kuliko ya nyasi nyingi, hivyo sehemu kubwa huanguka karibu na shamba. Mtoto anayesumbuliwa nayo asicheze shambani wakati wa mbelewele, na anawe uso arudipo nyumbani.

Lakini vipo vitu vingine nyumbani vinavyoleta mzio. Navyo ni utitiri wa vumbi, mende, manyoya ya paka na mbwa, na kuvu katika kuta zenye unyevu. Katika sehemu zinazolima kahawa, kama Mbozi, vumbi la buni nalo huwadhuru baadhi ya watu. Moshi wa kuni hauleti mzio wenyewe, lakini huchokoza mapafu na kumzidishia taabu mwenye pumu.

Haya unaweza kuyafanya pamoja na wazazi wako:

1. Nyunyizia maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Mwenye pumu akae nje mpaka vumbi litulie.
2. Anika godoro, mito na mablanketi juani. Fua mashuka kila wiki, kwa maji ya moto ikiwezekana.
3. Funika chakula na ondoa makombo, ili mende wasipate pa kula.
4. Fungua madirisha, na ziba paa linapovuja ili kuvu wasiote.
5. Mwenye pumu asilale jikoni penye moshi.

Vyakula navyo huweza kuleta mzio, hasa karanga, mayai, maziwa na samaki. Mtoto akivimba midomo au kutoka vipele mara tu baada ya kula chakula fulani, asilazimishwe kukila tena. Lakini asikatazwe vyakula vingi kwa kukisia tu, maana atakosa lishe. Mganga wa zahanati ashauri kwanza.

Ukimwona mwenzako amevimba uso au ulimi, anahema kwa shida, kifua kinatoa mlio, hawezi kumaliza sentensi au anaishiwa nguvu, mwite mtu mzima mara moja. Kama anayo dawa ya kuvuta ya pumu, asaidiwe kuitumia. Apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, hata kama ni usiku. Mzio mkali huweza kuua kwa muda mfupi.

Kazi ya kufanya

Kama wewe au ndugu yako hupiga chafya mara kwa mara, andika katika daftari kwa wiki mbili: siku, saa, mahali, chakula kilicholiwa na kazi iliyokuwa ikifanyika. Je, kuna jambo linalojirudia? Mpelekee mganga daftari hilo. Litamsaidia kujua pa kuanzia.

Maswali

1. Blackley alijifunza mambo gani kabla ya kuwa daktari? Yalimsaidiaje?
2. Kwa nini alikwaruza mikono yote miwili?
3. Vioo vilivyobebwa na tiara vilionyesha nini?
4. Juma hupiga chafya kila asubuhi anapotandika kitanda, wala si shambani. Unadhani chanzo ni nini? Utapimaje dhana yako bila kumdhuru?
5. Taja dalili tatu za mzio mkali, na ueleze utakalofanya ukiziona.