Charles Ledger: Mtoroshaji wa alpaka aliyezikwa Sydney

Katika makaburi ya Rookwood, magharibi mwa Sydney, amelala Charles Ledger, mfanyabiashara Mwingereza aliyeleta kundi la alpaka Australia kutoka milima ya Andes. Hata hivyo, kilicholidumisha jina lake si mifugo hiyo, bali mti unaotoa dawa ya malaria.

Ledger alizaliwa London mwaka 1818. Akiwa kijana alikwenda Peru, akawa karani katika biashara ya sufu ya alpaka na magome ya mkwinini. Alpaka ni mnyama wa jamii ya ngamia, mdogo na asiye na nundu, ambaye wenyeji wa Andes wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Kwa kuwa sufu yake ilikuwa na thamani kubwa, Peru ilipiga marufuku kumtoa nchini akiwa hai.

Katazo hilo halikumzuia Ledger. Pamoja na wachungaji wa Andes, aliswaga kundi lake kupitia Bolivia na Argentina hadi pwani ya Chile. Safari ilichukua miaka, na theluji iliua wanyama wengi. Mnamo Novemba 1858 alitia nanga Sydney akiwa na wanyama 256. Serikali ya New South Wales iliwanunua kwa pauni 15,000, ikamweka yeye kuwa msimamizi wao.

Matumaini hayo hayakudumu. Mifugo haikustawi kama ilivyotarajiwa, na Ledger akakosana na wakubwa wake. Mwaka 1862 aliondolewa kazini. Kundi likatawanywa, naye akarejea Amerika Kusini.

Huko, mwaka 1865, mtumishi wake Manuel Incra Mamani, Mbolivia, alimletea mbegu za mkwinini zenye ubora wa pekee. Ledger alizituma London, lakini serikali ya Uingereza ilizikataa. Waholanzi walinunua sehemu yake, wakazipanda Java, katika Indonesia ya leo. Kutokana na mbegu hizo, Java ikaja kuwa chimbuko kuu la kwinini duniani. Uzao wa mti huo, ulioitwa Ledgeriana, ulifika pia Kivu, mashariki mwa Kongo.

Mamani ndiye aliyelipa gharama kubwa zaidi. Alikamatwa kwa kosa la kutoa mbegu hizo, akapigwa na kufungwa, na hatimaye akafa. Ledger naye alirudi Australia akaishi kwa dhiki, hadi mwaka 1897 Waholanzi walipompa malipo ya uzeeni. Alifariki Sydney mwaka 1905.

Alpaka walirudi Australia kwa wingi miaka ya 1980 ilipokuwa ikielekea ukingoni, safari hii kwa njia halali. Leo hufugwa kwa sufu, kwa kulinda kondoo dhidi ya mbweha, na kama wanyama wapole wa nyumbani. Ndoto ya Ledger ilitimia, lakini kwa mikono ya wengine.