Maxim Gorky: Kibarua aliyeizunguka Urusi hadi akajiita Mchungu

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa majira ya baridi nchini Urusi huingia mapema na huchelewa kucha. Mwishoni mwa mwaka 1888, katika stesheni ndogo ya reli ya Dobrinka, kusini mwa Moscow, kijana mmoja wa miaka 20 alikuwa akikesha kwa miguu. Kazi yake ilikuwa kuyazunguka maghala ya mizigo kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, fimbo nene mkononi, akilinda magunia ya unga na maturubai yasiibwe, huku upepo wa nyika ukimrushia theluji usoni.

Kijana huyo hakuwa mwenyeji wa mahali pale. Miezi michache kabla alikuwa kibarua katika kambi ya wavuvi kwenye Bahari ya Kaspi, na kabla ya hapo alisaidia kazi za duka katika kijiji kimoja kando ya mto Volga. Kifuani alikuwa na kovu la risasi aliyojipiga mwenyewe Desemba 1887, alipokuwa amekata tamaa ya maisha.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Aleksei Maksimovich Peshkov. Dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la Maxim Gorky, mwandishi wa riwaya ya Mama na mmoja wa watu waliosomwa sana katika karne ya 20.

Wengi humkumbuka kama mwandishi wa mapinduzi. Ni nadra kukumbukwa kwamba kabla hajachapisha hadithi yake ya kwanza alikuwa ameishi kwa vibarua kwa zaidi ya miaka 10. Barabara ndiyo iliyokuwa shule yake, na ada aliilipa kwa njaa, baridi na mwili wake mwenyewe. Hata kosa kubwa analolaumiwa nalo uzeeni haliwezi kupimwa sawasawa bila kuifuata njia hiyo.

Yatima wa Nizhny Novgorod

Gorky alizaliwa Machi 28, 1868, kwa kalenda ya sasa, katika mji wa Nizhny Novgorod, mahali ambapo mto Oka hukutana na Volga. Baba yake, Maxim, alifariki dunia kwa kipindupindu mjini Astrakhan mwaka 1871, baada ya kumuuguza mwanawe aliyekuwa na maradhi hayo hayo. Mtoto alipona, baba akazikwa.

Mama alirudi naye kwa wazazi wake. Babu yake, Vasily Kashirin, alikuwa na karakana ya kutia nguo rangi, lakini ujanani aliwahi kuvuta majahazi kwa kamba kandokando ya Volga. Alikuwa mkali na mwepesi wa kuchapa, ingawa ndiye aliyemfundisha mjukuu wake kusoma. Bibi yake, Akulina, hakujua kusoma, lakini alikuwa hazina ya ngano na tenzi za kale, na kwa miaka mingi huyo ndiye aliyekuwa kimbilio la mtoto.

Mwaka 1879 mama naye alifariki kwa kifua kikuu. Biashara ya babu ilikuwa imefilisika. Siku chache baada ya mazishi, mzee huyo alimweleza mjukuu wake wa miaka 11 kwamba hawezi tena kumlisha, akamtaka aende kujitafutia riziki. Shuleni alikuwa amekaa kwa miezi michache tu.

Hapo ndipo vibarua vilipoanza. Alikuwa kijana wa kutumwa katika duka la viatu. Akawa mtumishi wa nyumbani kwa mchora ramani za majengo, kisha mwosha vyombo katika meli ya mvuke, kisha msaidizi katika karakana ya kuchora picha takatifu za kanisani.

Melini alikutana na mpishi aliyeitwa Smury, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa na sanduku la vitabu. Mpishi huyo alimwondoa kijana kwenye masufuria na kumtaka amsomee kwa sauti. Baada ya kupata umaarufu, Gorky alimhesabu Smury kuwa mwalimu wake wa kwanza.

Kazan, mji usiokuwa na nafasi

Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 16, alikwenda Kazan kwa matumaini ya kuingia chuo kikuu. Haikuchukua muda kugundua kwamba kijana asiye na cheti wala fedha hakuwa na mlango wa kupitia. Badala ya darasa, alijikuta bandarini akipakua mizigo pamoja na makuli, na usiku akilala popote palipokuwa na paa.

Baadaye alipata kazi katika kiwanda cha mikate kilichokuwa chini ya ardhi. Humo alikanda unga kwa saa nyingi, jasho likimtoka mbele ya tanuri ilhali nje maji yalikuwa yameganda. Mwaka 1923 alipoandika kitabu kuhusu miaka hiyo alikiita Vyuo Vikuu Vyangu, na vyuo anavyovisimulia ni pamoja na bandari hiyo na tanuri hilo.

Pamoja na mikate, kulikuwa na vitabu. Wanafunzi waliopinga utawala wa mfalme walikutana kwa siri mjini humo, na kijana yule alihudhuria mijadala yao. Alisikia wakiwasifu wananchi wa kawaida kwa maneno matamu. Yeye, aliyeishi na wananchi hao na kuuona ulevi wao, vipigo vyao na huruma yao, hakuona kama wanasema habari za watu aliowajua.

Mwaka 1887 bibi yake alifariki, na habari zilimfikia akiwa ameshazikwa. Desemba mwaka huo alijipiga risasi. Risasi ilipita kwenye pafu badala ya moyo, na madaktari waliokoa maisha yake. Kifua kiliendelea kumsumbua hadi mwisho wa uhai wake.

Majira ya baridi relini

Kwa kibarua wa Urusi ya wakati ule, majira ya baridi yalikuwa mtihani mkubwa. Volga huganda, meli husimama, na makuli hukosa kazi kwa miezi kadhaa. Mashamba hufunikwa na theluji. Asiye na makazi wala hati ya utambulisho alihesabiwa na polisi kuwa mzururaji. Reli ilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako kazi haikusimama.

Ndivyo Peshkov alivyofika Dobrinka. Ulinzi wa usiku haukuwa kazi yake yote. Mchana, wakati wa kulala, alitakiwa kupasua kuni, kuwasha majiko, kusugua vyombo na kumhudumia farasi nyumbani kwa mkuu wa stesheni. Muda wa kusoma ukawa hakuna, na muda wa kulala ukawa haba.

Alichokifanya kinaonyesha mtu aliyekuwa akielekea kuwa. Aliandika malalamiko kwa wakubwa wa reli, lakini aliyaandika kwa mashairi. Wakubwa walifurahishwa, na mlinzi akahamishiwa stesheni ya Borisoglebsk, ambako alipewa kazi ya kutunza magunia na maturubai. Kutoka huko alipelekwa stesheni ya Krutaya kuwa mpima mizigo kwenye mizani.

Majira ya machipuko ya mwaka 1889 aliiacha reli. Yeye na wenzake walikuwa na ndoto ya kupata kipande cha ardhi na kuanzisha shamba la pamoja. Walisikia kwamba mwandishi Leo Tolstoy alikuwa na ardhi nyingi, hivyo Peshkov akaenda kumwomba, akitembea kwa miguu na kudandia treni za mizigo.

Tolstoy hakumkuta, shambani wala katika nyumba yake ya Moscow. Mke wa mwandishi huyo, Sofia, alimpa kahawa na mkate, akamlalamikia kwamba wazururaji wanaomfuata mumewe wamezidi. Kijana alishukuru, akarudi Nizhny Novgorod ndani ya behewa la ng'ombe.

Kwa miguu hadi Tiflis

Safari kubwa zaidi aliianza Aprili 1891. Aliteremka na Volga, akakata nyika za Don, akapita Ukraine hadi Bessarabia, ambako alichuma zabibu. Alifanya kazi katika bandari ya Odessa na katika machimbo ya chumvi karibu na Ochakov, kisha akaendelea hadi Crimea na milima ya Kaukasi. Mwaka huo mavuno yaliharibika katika eneo kubwa la Urusi, na njiani alichanganyika na wakulima waliokuwa wakiikimbia njaa.

Julai, katika kijiji cha Kandybino karibu na Nikolaev, alikuta umati ukimwadhibu mwanamke aliyetuhumiwa kwa uzinzi. Mwanamke huyo alikuwa amevuliwa nguo na kufungwa kwenye mkokoteni, huku mumewe akimchapa. Peshkov aliingilia kati. Wanakijiji walimpiga hadi akapoteza fahamu, wakamtupa nje ya kijiji, na alipookotwa alipelekwa hospitali ya Nikolaev.

Tukio hilo aliliandika katika maelezo mafupi yaliyochapishwa mwaka 1895. Lilimwondolea dhana yoyote kwamba umaskini peke yake humfanya mtu kuwa mwema, na tangu hapo hakumpamba maskini katika maandishi yake.

Novemba 1891 aliwasili Tiflis, mji ambao leo unaitwa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia. Majira hayo ya baridi aliyapitisha katika karakana za reli. Huko alikutana na Aleksandr Kalyuzhny, mwanamapinduzi aliyewahi kufungwa, ambaye baada ya kusikiliza visa vya safari zake alimhimiza aviandike kama alivyovisimulia.

Septemba 1892 gazeti la Kavkaz la mjini humo lilichapa hadithi yake ya kwanza, Makar Chudra. Ilipofika wakati wa kutia jina, kijana alichukua jina la baba yake, Maxim, na kuliongezea neno la Kirusi lenye maana ya mchungu: Gorky.

Kutoka barabarani hadi ikulu ya fasihi

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kasi. Mkusanyiko wa hadithi zake uliotoka mwaka 1898 ulinunuliwa kwa wingi usiotarajiwa. Wasomaji wa mijini walikuwa wamezoea kusoma habari za mabwana na wakulima. Sasa walikutana na kuli, mwizi wa bandarini na mwokaji mikate, watu waliowapita barabarani kila siku bila kuwatazama.

Desemba 1902 ukumbi maarufu wa Moscow Art Theatre ulionyesha tamthilia yake kuhusu wakazi wa nyumba ya kulala ya makabwela. Mwaka huo huo alichaguliwa katika Akademia ya Urusi, lakini Mfalme Nicholas II akaamuru uchaguzi huo utenguliwe. Waandishi Anton Chekhov na Vladimir Korolenko walijiuzulu kwa kupinga uamuzi huo.

Alifungwa mwaka 1905, akaishi uhamishoni Italia, akarejea, na baada ya mapinduzi ya 1917 akathubutu kuwakosoa hadharani Wabolshevik waliokuwa marafiki zake. Gazeti lake, Novaya Zhizn, lilifungwa Julai 1918. Katika miaka ile ya njaa alitumia jina lake kuwatafutia waandishi na wanasayansi chakula, na kuwaombea waliokamatwa.

Mwaka 1921 aliondoka tena. Aliporudi kwa heshima mwishoni mwa miaka ya 1920, mambo yalikuwa mengine. Serikali ya Stalin ilimpa jumba la kifahari mjini Moscow, na mwaka 1932 mji aliozaliwa ukaitwa Gorky.

Juni 1929 alizuru kambi ya wafungwa ya visiwa vya Solovki, katika Bahari Nyeupe kaskazini mwa Urusi, na akaandika kwa kuisifia. Mwaka 1934 alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu cha waandishi 36 kilichotukuza ujenzi wa mfereji unaounganisha Bahari Nyeupe na Baltiki. Mfereji huo ulichimbwa kati ya mwaka 1931 na 1933 na wafungwa waliotumia zana duni katika baridi kali, na maelfu yao walifia kazini.

Wapo wanaosema alidanganywa, na wapo wanaosema alijua akanyamaza. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyewahi kukesha kwenye theluji ya Dobrinka hakujua maana ya kumpa mtu sururu na kipande cha mkate katika baridi kama ile. Kijana aliyeingilia kati pale Kandybino, peke yake mbele ya umati, hakuonekana kwenye mfereji huo.

Gorky alifariki dunia Juni 18, 1936, akiwa na umri wa miaka 68. Majivu yake yalihifadhiwa katika ukuta wa Kremlin. Mwaka 1990 mji wake ulirudishiwa jina la Nizhny Novgorod.

Leo jumba lake la Moscow ni makumbusho, na nyumba ya mbao ya babu yake kando ya Volga nayo ni makumbusho. Anayetaka kumfahamu mtu aliyeishi katika nyumba hizo mbili hana budi kusoma hadithi zake za ujanani, zile alizoziandika kabla theluji ya barabarani haijakauka kwenye viatu vyake.