Shekhar Mehta: Mtoto wa ng'ambo ya mpaka aliyeitawala Safari

Watu wa pwani tukisikia Busia na Malaba, mawazo yetu huenda kwenye malori. Shehena inayoshushwa Kilindini hupanda bara, ikapita Voi, Nairobi na Nakuru, hadi ifike katika malango hayo mawili ya kuingilia Uganda. Madereva wengi wa kwetu wamelala usiku kucha kwenye foleni ya Malaba, na wanaoshika njia ya Busia wanazijua hata kata zilizo kandokando ya mji, kama hii ya Busibwabo, ambako matrekta ya miwa na bodaboda hugombania barabara moja. Kwa msafiri, mpaka huu ni mhuri, karatasi na subira. Lakini yupo mtu ambaye mpaka huu uliyagawa maisha yake sehemu mbili, na baada ya hapo akawa dereva aliyeshinda mbio za Safari miaka minne mfululizo. Jina lake Shekhar Mehta.

Alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika ukoo wa Kihindi wenye mashamba makubwa. Tuseme ukweli tangu mwanzo: hakuwa mtoto wa maskini. Alipoingia katika mbio za magari akiwa na umri wa miaka 21, aliingia na gari aina ya BMW, wakati ambapo vijana wengi wa rika lake, pande zote mbili za mpaka, walikuwa wakitafuta nauli ya basi. Lakini wakati ule dereva wa mbio huku kwetu alikuwa wa ridhaa. Hakulipwa mshahara. Alilea gari lake kwa fedha yake, kwa msaada wa jamaa, na kwa mafundi waliokubali kulala chini ya gari Jumamosi usiku ili Jumapili asubuhi liweze kuondoka. Mbio za vilabu ziliendeshwa hivyo: mwenye gari mmoja, na nyuma yake watu watano au sita ambao majina yao hayaandikwi popote.

Mbio kubwa kuliko zote zilikuwa Safari. Zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikapitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikazoea kukimbizwa wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua ya masika huwa imeshaanza kuigeuza barabara ya udongo kuwa uji. Njia ilikaribia kilomita 5,000 kwa siku chache, nyingi zake katika barabara za kawaida zenye ng'ombe, baiskeli na mabasi. Kila kituo kilikuwa na saa yake ya kufika. Ukichelewa, dakika zako zinaandikwa kuwa adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na mara hii pia yakafika 7.

Kwa hiyo Safari haikuwa mchezo wa kukanyaga mafuta tu. Dereva alihitaji mwelekezi kando yake, mtu wa kushika daftari la njia, kuhesabu dakika na kumwambia lini kona inakuja na lini mto umejaa. Alihitaji magari ya huduma yaliyotangulia na kumngoja mahali palipokubaliwa, yakiwa na tairi, springi, petroli na chai. Alihitaji makanika wa kubadilisha giaboksi gizani, mvua ikinyesha, saa ikiwa inakwenda. Na gari lilipozama kwenye matope alihitaji wanakijiji wa pale pale, waliolisukuma kwa mikono, wengine kwa shilingi chache na wengine kwa furaha tu. Wazee wa Taita na wa njia ya Mombasa wanaikumbuka kazi hiyo.

Mehta alijifunza haya mapema. Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 25, alishika nafasi ya pili katika Safari kwa gari la Datsun 240Z, mwelekezi wake akiwa Mike Doughty. Aliyemshinda ni Edgar Herrmann, naye akiendesha 240Z kama yake. Kijana wa Uganda alikuwa amegonga mlango, na kila mmoja aliona kuwa karibu ungefunguka.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 4 Agosti, Idi Amin alitangaza kuwa Wahindi watoke Uganda, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wazaliwa wa Uganda na watoto wa wazaliwa, wakaambiwa ni wageni. Maduka, viwanda, nyumba na mashamba yakaachwa. Wapo waliopanda ndege kwenda Uingereza, na wapo waliopanda garimoshi Kampala, wakavuka mpaka na kuteremka hadi Mombasa, ambako meli za kwenda Bombay ziliwangoja. Mombasa iliwaona watu hao: wazee wakiwa na masanduku mawili, watoto wakiuliza watarudi lini. Jambo hilo ni sehemu ya historia ya bandari yetu, ijapokuwa halitajwi sana.

Ukoo wa Mehta ulikuwa miongoni mwa waliotoka. Shekhar akahamia Kenya. Hebu tufikirie maana yake kwa mtu wa mbio. Dereva hujengwa na mahali. Huzijua barabara za kwao kama mvuvi anavyoujua mwamba, huwajua mafundi wanaoaminika, humjua mwenye duka atakayemkopesha tairi, na watu wa njiani humjua kwa jina. Vitu hivyo havitiwi katika sanduku. Akivuka mpaka anabaki na mikono yake na akili yake, na neema ya watu atakaowakuta upande wa pili.

Watu aliwakuta. Pasaka ya 1973, miezi michache tu tangu siku zile 90 kwisha, Mehta alisimama kwenye mstari wa Safari na Datsun 240Z, mwelekezi wake sasa akiwa Lofty Drews. Mwaka huo ndio Mbio za Magari za Dunia zilipoanzishwa, na Safari ikawa mojawapo ya mashindano yake. Mbio zilipokwisha lilitokea jambo la ajabu: Mehta na Harry Källström wa Uswidi, wote wawili wakiendesha Datsun, walikuwa na adhabu sawasawa. Baada ya kilomita maelfu, hakuna aliyemzidi mwenzake hata dakika moja. Ikabidi kanuni itumike, ya kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ushindi ukapewa Mehta. Alikuwa na umri wa miaka 27.

Msomaji apime mwenyewe ushindi wa namna hiyo. Pale ambapo dakika moja ingebadilisha kila kitu, fundi aliyekaza nati kwa haraka bila kukosea ni mshindi. Mwelekezi ambaye hakusoma vibaya njia panda usiku ni mshindi. Wanakijiji waliosukuma gari likatoka kwenye matope nusu dakika mapema nao wana fungu lao katika kombe lile, na pengine hawakujua kamwe.

Wapo watakaosema kuwa tajiri hashindwi, hata akifukuzwa hubaki na chochote. Ni kweli kwamba fedha hununua gari la kwanza. Lakini Safari iliwaumbua matajiri wengi, na hata viwanda vikubwa vya Ulaya vilivyokuja na madereva hodari wa dunia. Na iliwainua wasio na kitu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekulia katika ufundi wa magari, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kando yake akiwa ameketi ndugu yake Jaswant. Akaja kushinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Joginder na Mehta hawakufanana kwa mali. Walifanana kwa kuwa na watu.

Baada ya 1973 Mehta alikaa miaka sita bila kushinda Safari. Wengi wangeingojea bahati au wangeacha. Yeye aliendelea kujenga timu yake taratibu, na mwaka 1979 Doughty akiwa kando yake walishinda kwa Datsun 160J, wakamwacha Hannu Mikkola na Mercedes yake katika nafasi ya pili. Mwaka 1980 wakashinda tena. 1981 tena. 1982 tena, safari hii wakimtangulia Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huo huo aliibuka bingwa wa dunia. Miaka minne mfululizo, dereva yule yule, mwelekezi yule yule, magari ya jamii ile ile. Hakuna mwingine aliyeshinda Safari mara nne kwa mfululizo, si kabla yake wala baada yake. Datsun zile hazikuwa magari yenye kasi kuliko yote. Zilikuwa magari yanayofika, yakihudumiwa na watu waliozoeana.

Mtu mwingine wa kutajwa ni mkewe, Yvonne. Watu wengi humdhania mke wa dereva kuwa mtu wa kukaa kivulini na birika la chai akingoja habari. Yvonne alikuwa mwelekezi kwa haki yake. Alikaa kando ya mumewe katika mbio za nje, na mwaka 1981 wawili hao walishika nafasi ya pili katika mbio za dunia kule Argentina. Mwaka huo Mehta alimaliza wa tano katika orodha ya madereva wa dunia nzima. Kukaa kiti cha mwelekezi ni kumwaminia mtu roho yako, na kukaa kiti cha dereva mkeo akikusomea njia ni kukubali kuambiwa.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya katika mbio za jangwani za Rallye des Pharaons, Misri. Aliumia sana, na udereva wake ukaishia hapo. Angeweza kubaki nyumbani akihesabu vikombe. Badala yake akahamia upande wa pili wa meza, akafanya kazi katika FIA, shirikisho la magari la dunia, na kuongoza tume yake ya mbio za rali. Mtu aliyekuwa akihudumiwa akawa mhudumu: kutunga kanuni, kukagua njia, kutetea usalama wa madereva ambao wengine hawakuwa wamezaliwa aliposhinda mara ya kwanza. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Wakati huo Safari ilikuwa imeshaondolewa katika mbio za dunia tangu mwisho wa 2002. Ilirudi Juni 2021, Naivasha, naye hakuwapo kuiona.

Kwa nini tumkumbuke sisi wa pwani, na kwa nini kutoka huku Busibwabo? Sababu ya kwanza ni huu mpaka. Jamii zinazoishi hapa zina ndugu pande zote mbili, na zinajua kuwa mstari ulichorwa watu wakiwa wameshakaa. Sisi wa pwani nasi tunajua maana ya kuulizwa asili yako mbele ya dirisha la ofisi, kijana mzaliwa wa Mombasa akitakiwa alete cheti cha babu yake ndipo apewe kitambulisho. Mwaka 1972 nchi moja iliwaambia watu wake kuwa si wake. Mmoja wao akavuka, na kwa miaka iliyofuata kila aliposhinda lilitajwa jina la Kenya. Uganda ilipoteza zaidi ya maduka na mashamba. Ilipoteza hata Jumatatu za Pasaka ambazo watoto wake wangepanda juu ya miti kumshangilia mtu wao.

Sababu ya pili ni vijana tulionao. Tunao wanaopenda magari na pikipiki, wenye mikono myepesi na macho makali. Tukiwaona tunawaambia waache upuuzi, na akitokea mmoja akafanikiwa tunagombania kupiga picha naye. Mchezo huu ni wa gharama na hatari, hilo halifichiki, na si kila kijana atakuwa dereva. Lakini timu moja ya mbio inataka watu wengi: fundi wa injini, fundi wa umeme, mwelekezi anayejua hesabu, dereva wa gari la huduma, mpanga ratiba, daktari wa kusimama njiani. Kijana asiye na gari anaweza kuanza na spana. Mzazi asiye na fedha anaweza kwenda uwanjani siku ya mbio za klabu, akasimama nyuma ya kamba, akaonekana.

Mehta alianza na fedha, akafukuzwa kwao, akavuka mpaka, na kilichompeleka mbele miaka yote ile ni watu waliokubali kuwa nyuma yake. Basi wewe msomaji uliye na kijana wa namna hiyo nyumbani, Jumapili ijayo kukiwa na mbio karibu nawe, mwulize anahitaji nini. Huenda akahitaji tu mtu wa kumshikia tochi.