Aliyetumika kwa Jicho Moja

Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, ndipo alipozikwa William Percival Johnson. Alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma Oxford, na alitazamia kazi ya heshima katika serikali ya India. Akaiacha, akafika Zanzibar mwaka 1876 pamoja na misheni ya Kianglikana ya UMCA, kisha akaenda Nyasa.

Huko ziwani kazi ilikuwa changa bado alipopatwa na ugonjwa wa macho. Jicho moja likapofuka, la pili likadhoofika. Angerudi kwao, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliendelea kuzunguka vijijini akihubiri, na kwa jicho lile dhaifu akatafsiri Biblia katika Kinyanja, ili watu wa mwambao wasome Neno la Mungu kwa lugha yao. Mwaka 1895 mwenzake, Askofu Chauncy Maples, alizama ziwani. Johnson hakuondoka. Alilala mauti Liuli mwaka 1928, akiwa na umri wa miaka 74, naye angojea asubuhi ya ufufuo.

Tafakari: Soma 2 Wakorintho 12:9. Ni udhaifu gani umekuwa ukiutaja kama sababu ya kutomtumikia Mungu? Ni nini kilichobaki mkononi mwako ambacho Yeye aweza kukitumia juma hili?