Daniel Bovet na Usingizi Wangu

Muhula uliopita mafua ya vumbi yalinibana, nikameza kidonge na kuingia kwenye mtihani wa Kemia. Lo! Nililala fofofo. Niliamka nimejibu maswali mawili tu, na wenzangu wakaniita mvivu. Nikaenda maktaba kumtafuta mchawi wangu, ndipo nikakutana na Daniel Bovet.

Bwana huyu alizaliwa Uswisi mwaka wa 1907. Mwaka wa 1929 alianza kazi katika Taasisi ya Pasteur, mjini Paris. Mwilini mwetu mna kemikali iitwayo histamini, ambayo huleta chafya na mwasho. Mwaka wa 1937, yeye na Bi. Anne-Marie Staub walipata dawa ya kwanza ya kuizuia. Masikini, ilikuwa na sumu, haikumfaa binadamu! Hata hivyo iliwafungulia wengine njia, na mwaka wa 1942 wagonjwa wakapata dawa ya aina hiyo. Bovet alihamia Roma mwaka wa 1947, akatuzwa Nobel ya tiba mwaka wa 1957, akafariki mwaka wa 1992.

Mbona basi nilisinzia? Histamini hiyo hiyo, ikiwa ubongoni, hutuweka macho. Dawa za zamani hupenya hadi huko na kuizuia. Zile zilizotokea miaka ya 1980 hazipenyi sana.

Basi jamani, kabla ya kumeza kidonge siku ya mtihani, muulizeni muuguzi kwanza. Nami si mvivu, ng'o!